KISIGINO CHAKO SI MTAJI WA MTU



Ndugu yangu katika imani, unaamka Alfajiri, hatua ya kwanza kwenda kutawadha, kisigino kinachoma kama umekanyaga msumari. Ukitembea kidogo yanapungua, ukikaa kisha ukasimama yanarudi. Anatokea mtu anakwambia: "Umetegewa, umekanyaga uchawi. Njoo nikupige hijama, ni Sunna, unapona leo leo."

Muogope Allah, ewe unayesema hivyo!

Hakuna anayeikataa hijama hapa. Anas (R.A) amepokea kuwa Mtume (S.A.W) alipigwa hijama juu ya mguu wake akiwa katika ihramu, kwa maumivu aliyokuwa nayo. Imo katika Sunan Abi Daud. Lakini ni wapi alipoahidi kupona siku moja? Na mbona katika kitabu hichohicho husomi hadithi ya anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, kwamba yeye ni mdhamini? Yaani ukiharibu, unalipa.

Maumivu ya namna hii mara nyingi si uchawi. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni. Unaumia kwa kusimama kutwa, kwa uzito, kwa kandambili nyembamba. Tiba ya kwanza haina bei: kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu hadi 10, rudia. Nyoosha shavu la mguu ukiegemea ukuta. Bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Vaa kiatu chenye soli laini. Wengi hupona hivyo, lakini kwa miezi, si kwa siku moja.

Sasa nakuuliza wewe mwenye vikombe: yule mama uliyemchanja unyayo, ulimuuliza kama ana kisukari? Mwenye kisukari mguu wake huweza kufa ganzi, na kidonda chake hakifungi upesi. Chale zako mbili zinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Na wembe ulikuwa mpya? Bismillahi ni ya kuanzia jambo jema, si ya kusafishia wembe uliotumika.

Ndugu yangu, ukiwa na kisukari, au mguu umevimba, umekufa ganzi, una kidonda, nenda hospitali kwanza. Kutafuta tabibu anayejua kazi yake nako ni kufuata Sunna.

Mfikishie aliye na mzazi mwenye kisukari.

Wabillahi tawfiq.