Benki zapata faida, mwenye hisa asubiri: gawio na mwekaji akiba mdogo wa Afrika Mashariki

Kila mwaka, kati ya Machi na Juni, benki zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa ya Kigali, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huchapisha hesabu za mwaka uliotangulia. Baada ya tarakimu za mikopo, amana na faida hufuata sentensi moja fupi ambayo wanahisa wadogo huitafuta kabla ya nyingine zote, nayo ni ile inayotaja gawio kwa kila hisa. Kwa mstaafu wa Huye au mfanyabiashara wa Nyamirambo aliyeweka sehemu ya akiba yake katika hisa za benki, sentensi hiyo ndiyo huamua kama karo ya shule itatoka mfukoni au itatoka kwa benki.

Mwezi Machi 2024 sentensi hiyo iliwaangusha wengi. Kundi la KCB la Kenya, ambalo hisa zake zinauzwa pia katika soko la Kigali tangu 2009, lilitangaza faida ya shilingi za Kenya bilioni 37.5 baada ya kodi kwa mwaka 2023, lakini bodi haikupendekeza gawio lolote. Mwaka uliotangulia wanahisa walikuwa wamepata shilingi 2 kwa kila hisa. Katika msimu huohuo Equity, mshindani wake wa karibu aliyeorodheshwa Kigali mwaka 2015, alitoa shilingi 4. Ni benki mbili za mji mmoja, zenye wateja wanaofanana na faida za mabilioni. Mmoja akagawa na mwingine akafunga mkono.

Ili kuelewa tofauti hiyo ni lazima kwanza kutenganisha maneno matatu ambayo hata sisi tunaotafsiri habari za uchumi huyakuta yamechanganywa katika taarifa moja, yaani faida, riba na gawio. Riba ni malipo ya mkopo au amana, na kiwango chake huandikwa katika mkataba. Faida ni kinachobaki baada ya benki kulipa gharama na kodi. Gawio ni ile sehemu ya faida ambayo bodi imependekeza, na mkutano mkuu ukaidhinisha, kwamba igawiwe wenye mali. Kinyarwanda kimeliweka jambo hili vizuri, kwani hisa zenyewe huitwa imigabane, kutokana na kitenzi kugabana, na anayegabana hugabana kilichopo. Mwenye amana anaweza kuidai benki riba yake mahakamani. Mwenye hisa hawezi kudai gawio ambalo halijatangazwa.

Sasa, kwa nini benki yenye faida iache kugawa? Jibu limo katika mtaji. Benki hukopesha hasa fedha za wengine, na mtaji wa wanahisa ndio ukuta unaozuia hasara isiwafikie wenye amana. Benki kuu hupima unene wa ukuta huo kwa kuulinganisha na mikopo iliyotolewa. Mikopo chechefu ikiongezeka, ukuta humomonyoka, na njia rahisi ya kuujenga upya ni kuiacha faida ndani ya benki. KCB ilikuwa imebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mwaka 2019 iliichukua Benki ya Taifa ya Kenya, ambayo mtaji wake ulikuwa dhaifu na mikopo yake mibovu mingi. Kisha ilipanuka nje ya mipaka, ambapo mwaka 2021 ilinunua hisa nyingi za Banque Populaire du Rwanda, na mwishoni mwa 2022 ikachukua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank ya Kongo. Wakati wa kutangaza kwamba hakuna gawio, KCB ilitangaza pia mpango wa kuiuza Benki ya Taifa ya Kenya kwa Access Bank ya Nigeria. Mauzo hayo yalikamilika mwaka 2025. Kwa hesabu za mwaka 2024 gawio lilirudi, shilingi 3 kwa kila hisa.

Wapo watakaosema kwamba basi subira ililipa, na kwa aliyeweza kusubiri hilo ni kweli. Lakini mtazame yule aliyenunua mwishoni mwa 2023, wakati hisa ya KCB ilikuwa imeshuka hadi shilingi 20 hivi. Aligawanya gawio la mwisho, shilingi 2, kwa bei hiyo, akapata asilimia 10 kwa mwaka, akaridhika. Miezi michache baadaye asilimia hiyo ikawa sifuri. Huo ndio mtego wa kawaida kuliko yote katika hisa za benki. Asilimia kubwa ya gawio mara nyingi haitokani na ukarimu wa benki, hutokana na bei iliyoporomoka, na bei huporomoka kwa sababu wauzaji wakubwa wamekwisha kuona kitu katika hesabu ambacho mnunuzi mdogo hajakisoma. Wanaouza mapendekezo ya uwekezaji kwa kunukuu asilimia ya mwaka jana peke yake hawamtendei haki msikilizaji.

Safari nyingine uamuzi haumo hata mikononi mwa bodi. Mwezi Machi 2020, janga la Korona lilipoanza, Benki Kuu ya Uganda iliziagiza benki ziahirishe kulipa gawio. Mwishoni mwa mwezi huohuo Benki Kuu ya Ulaya ilitoa wito wa namna hiyo, na msimamizi wa benki wa Uingereza akazibana benki kubwa za nchi yake hadi HSBC ikafuta gawio ambalo ilikuwa imekwisha kulitangaza. Nairobi, Equity ilikuwa imependekeza shilingi 2.50 kwa hisa, jumla ya shilingi bilioni 9.5. Mwezi Mei ililiondoa pendekezo hilo, na kwa hesabu za mwaka 2020 pia haikulipa. Kampuni ya bia au ya saruji haiwezi kuzuiwa hivyo na msimamizi wake. Benki inaweza, kwa sababu inashika fedha za umma, na anayenunua hisa zake ananunua pia utii wake kwa benki kuu.

Upo mfano wa upande wa pili, na haki inataka usimuliwe. Benki ya CRDB ya Tanzania, iliyo na tawi lake Burundi tangu 2012, iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 za Tanzania. Miaka kumi baadaye bei ilikuwa imeshuka chini ya 100, na gawio lilikuwa la kuhesabika kwa vidole. Kisha benki ikasafisha mikopo yake, faida ikapanda, na kwa hesabu za 2023 ikalipa shilingi 50 kwa hisa, kwa zile za 2024 shilingi 65. Aliyenunua katika mwaka ule wa giza anapokea leo kwa mwaka mmoja zaidi ya nusu ya fedha aliyotoa. Lakini ni wangapi walionunua wakati ule, na ni wangapi waliouza kwa hasara wakiwa wamechoka? Hadithi za aina hii husimuliwa na waliobaki.

Turudi nyumbani. Bank of Kigali iliingia sokoni mwaka 2011 kwa faranga 125 kwa hisa, katika mwaka uleule ambao Soko la Hisa la Rwanda lilifunguliwa rasmi. Waombaji walizidi hisa zilizokuwapo kwa mbali. Mwaka 2018, ikiwa sasa BK Group, iliuza hisa mpya kwa faranga 270 na kuwa kampuni ya kwanza ya Rwanda kuorodheshwa pia Nairobi. I&M Bank Rwanda ilifuata soko la Kigali mwaka 2017 kwa faranga 90, serikali ilipouza sehemu yake.

Tarakimu za faranga zinapendeza, ila sarafu nayo ina hesabu yake. Mwaka 2011 dola moja ya Marekani ilikuwa takribani faranga 600. Mwaka 2024 ilipita 1,300. Kwa hiyo hisa ya faranga 125 ilihitaji kufika karibu 270 ili tu isipungue kwa kipimo cha dola, na familia inayonunua mchele, mafuta ya kupikia na dawa kutoka nje huishi kwa kipimo hicho hata kama haijawahi kuishika dola. Ndiyo sababu gawio halikuwa nyongeza kwa mnunuzi wa 2011. Kwa sehemu kubwa ndilo lililokuwa pato lenyewe.

Mpinzani wa gawio hapa kwetu ni hatifungani ya serikali. Milango yake imefunguliwa kwa wadogo, kwani faranga 100,000 zinatosha kuanza. Miaka ya karibuni zile za muda mrefu zimetoa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, zikilipwa mara mbili kwa mwaka, na kodi ya zuio ya asilimia 5. Milioni moja kwa asilimia 12 ni faranga 120,000; baada ya kodi zinabaki 114,000, na mpokeaji anaijua tarehe ya kuzipata. Hisa za benki zinaposhindana na hesabu hiyo kwa gawio peke yake, mara nyingi hushindwa. Faida yake ni moja: malipo ya hatifungani hayakui, ilhali gawio la benki inayokua linaweza kuongezeka mwaka hadi mwaka. Kwa maoni yangu mwenye kuhitaji fedha ya kila muhula wa shule asilitegemee gawio. Mwenye miaka kumi mbele yake anayo sababu ya kulifikiria.

Kwa wasikilizaji wetu wengi wa Nyamirambo na Biryogo kuna swali linalotangulia yote haya, nalo ni la dini. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huona kwamba gawio la benki ya kawaida linatokana na riba, kwa hiyo kubadilisha jina hakubadilishi chanzo. Baadhi ya benki za eneo hili zina dirisha la huduma zinazofuata sharia, kama CRDB na KCB, lakini dirisha ni kwa ajili ya mteja. Mwenye hisa hupokea gawio kutoka katika faida ya benki nzima iliyochanganyika. Benki kamili za Kiislamu za Kenya haziko sokoni. Hilo ni la kila mmoja kumuuliza sheikh wake kabla ya kumuuliza dalali.

Kwa atakayenunua, njia si ngumu. Hufunguliwa akaunti ya hisa kupitia dalali aliyeidhinishwa, na umiliki huandikwa katika daftari la kielektroniki linalotunzwa na Benki Kuu ya Rwanda. Kodi ya zuio kwa gawio ni asilimia 15 kwa kawaida, ila hisa zilizoorodheshwa hutozwa asilimia 5 kwa mkaazi wa Rwanda au wa nchi nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gawio hulipwa kwa waliomo katika daftari siku linapofungwa, na baada ya siku hiyo bei huelekea kushuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio. Kukimbilia kununua wiki moja kabla, basi, hakuna ujanja wowote. Kuuza ndiko kunakochosha. Soko la Kigali ni jembamba, na zipo siku ambazo hisa fulani haipati mnunuzi hata mmoja.

Kundi ambalo habari zake huandikwa kwa nadra ni la wanachama wa zamani wa Banques Populaires, vyama vya akiba vilivyoanza 1975 na kugeuzwa benki ya biashara mwaka 2008. Wakulima na walimu waliokuwa wanachama wakawa wanahisa, wengine bila kutambua tofauti. Benki hiyo imepita tangu wakati ule katika mikono ya wawekezaji wa kigeni mmoja baada ya mwingine, na hisa zake haziko katika soko la Kigali, kwa hiyo mwenye hisa chache hana mahali pa wazi pa kuona bei yake wala pa kumpata mnunuzi. Wengi wamezeeka, na baadhi wamefariki. Warithi wanaohifadhi kijitabu cha zamani wanaweza kukipeleka kwenye tawi la BPR na kuomba jina likaguliwe katika daftari la wanahisa, wakiwa na hati ya urithi. Wenye hisa za Nairobi nao wana la kuharakisha: gawio lisilochukuliwa kwa muda uliowekwa na sheria ya Kenya huhamishiwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, na kulifuata huko kunahitaji kitambulisho, namba ya akaunti ya hisa na subira ya miezi.