Mashine ya video haitoshi, waamuzi nao watueleze

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu chipukizi, nilikabidhiwa kipenga nichezeshe mechi ya shule mbili jirani. Dakika za mwisho mpira ulitikisa wavu, nami nikaashiria bao. Mlinda lango alinijia, akanieleza kwa adabu kwamba mpira ulipenya kwenye tundu la wavu ubavuni. Nilimfukuza kwa ukali. Mechi ilipokwisha nilikwenda kulitazama lango. Tundu lilikuwapo, tena pana. Sikumwambia mtu.

Ndiposa sikushangaa mfumo wa video wa kumsaidia mwamuzi, maarufu kama VAR, ulipoingizwa katika Kombe la Dunia nchini Urusi mwaka wa 2018. Kandanda ilikuwa imeshuhudia dhuluma nyingi. Mwaka wa 1986 kule Mexico, Diego Maradona wa Argentina aliifunga Uingereza kwa mkono na bao likakubaliwa. Mwaka wa 2010 mjini Bloemfontein, mkwaju wa Frank Lampard wa Uingereza uligonga mwamba na kudunda ndani ya lango la Ujerumani. Mamilioni ya watazamaji waliona. Mwamuzi na wasaidizi wake hawakuona.

Leo kamera zipo tele, lakini manung'uniko hayajakoma. Kwa maoni yangu, kasoro kubwa haimo katika mashine. Imo katika kimya cha wanaoitumia.

Chukua mfano wa Septemba 30, 2023, Tottenham ilipoialika Liverpool jijini London. Luis Díaz alifunga bao halali, mshika kibendera akadai ameotea. Mwamuzi wa video aliona wazi kwamba mchezaji hakuotea. Lakini alidhani bao lilikuwa limekubaliwa uwanjani, akatamka kwamba ukaguzi umekamilika. Mchezo ukaendelea na bao likapotea, na Liverpool ikashindwa 2-1. Picha haikukosea, waliokosana ni watu katika mazungumzo yao. Siku chache baadaye mazungumzo hayo yalitolewa hadharani. Je, lau yangesikika papo hapo uwanjani, kosa hilo lisingenaswa kabla ya mchezo kuanza tena?

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mazungumzo ya waamuzi yasikike wakati wa ukaguzi, kama inavyofanyika katika raga. Katika Kombe la Dunia la wanawake nchini Australia na New Zealand mwaka wa 2023, waamuzi walitangaza uamuzi wao kwa kipaza sauti. Hiyo ni hatua njema, lakini hukumu bila sababu ni nusu ya haki.

Pili, ukaguzi uwekewe kikomo cha muda. Kanuni yenyewe inataka video iingilie kati pale tu kosa lilipo dhahiri. Iwapo mtu anahitaji dakika nne za kukuza picha ili alione kosa, kosa hilo si dhahiri.

Tatu, nchi zisizo na fedha zisiachwe nyuma. Mwaka wa 2024 FIFA ilianza kujaribu utaratibu rahisi ambapo kocha huruhusiwa kuomba marudio mara mbili katika mechi, na refa mwenyewe hutazama picha kandokando ya uwanja. Utaratibu huo ungefaa ligi nyingi za Afrika.

Wapo watakaosema kwamba refa anayejieleza atadharauliwa. Sikubaliani nao. Mwalimu anayerudisha insha yenye alama saba kwa ishirini bila kuandika neno lolote pambizoni haheshimiwi; huogopwa tu. Anayeonyesha kosa lilipo hupata heshima hata kwa aliyeanguka. Nalo kosa, Waswahili husema, si kosa. Kosa ni kulirudia. Wala halikomi kurudiwa likifichwa.

Viwanja vya shule zetu havina kamera. Vina mwalimu mwenye kipenga na watoto wanaomtazama ili wajifunze haki inavyotendwa. Mwalimu mwenzangu, kagua nyavu kabla ya mechi, msikilize nahodha anayekuja kwa adabu, na ukigundua umekosea, kiri mbele yao. Nawe mwanafunzi, uliza kwa heshima, kisha ukubali jibu. Mlinda lango yule sasa ni mtu mzima. Nadhani bado anangoja kuambiwa kwamba alisema kweli.