MANENO NA MAANA ZAKE: "Sweet" ya Waingereza na Utamu Wetu

Wanafunzi wetu wa sekondari hapa Kamina wanaojifunza Kiingereza hukutana mapema na neno "sweet". Mwalimu huwaambia: maana yake ni tamu. Nao huandika hivyo daftarini, wakidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Kwetu kila chakula kizuri ni kitamu. Samaki wa Lualaba aliyetiwa chumvi sawasawa na pilipili kidogo ni mtamu, na hata mazungumzo ya jioni huwa matamu. Ukimwambia Mwingereza kwamba samaki huyo ni "sweet", atadhani umemmiminia sukari. Tena yeye mwenyewe ana mafumbo yake. "Sweetmeat" si nyama, bali ni kitu kama pipi, kwa kuwa zamani "meat" ilikuwa na maana ya chakula chochote. Na "sweetbread" si mkate hata kidogo, bali ni tezi ya ndama, yaani nyama! Mwanafunzi asione haya kucheka.

Maana nyingine hazitupi taabu. Harufu ya maua sisi twaiita nzuri, wao huiita "sweet". Mtoto mpole vilevile. Kwa sauti twakubaliana kabisa: sauti ni tamu. Watu wa Kamina wajua habari hiyo kuliko wengi, kwa maana ni kwaya ya hapa, Les Troubadours du Roi Baudouin, wavulana na walimu wao, ambayo mwaka 1958 chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko, iliimba Missa Luba mpaka Ubelgiji, na sahani zake zikasikika duniani pote.

Lakini iko maana moja inayostahili kutazamwa zaidi. Mara nyingi neno hili halitaji kitu kilichomo, bali kitu kisichomo. Maji ya mto na ya ziwa, kama yale ya Upemba, kwa Kiswahili huitwa maji matamu, na kwa Kifaransa "eau douce". Wala hakuna aliyetia sukari humo. Ni kwamba hayana chumvi ya bahari. Siagi "sweet" ni ile isiyo na chumvi au isiyochachuka. Mafuta ya petroli yanayotoka ardhini nayo huitwa "sweet" yakiwa na salfa kidogo sana, chini ya sehemu 5 katika 1,000. Bila shaka hakuna atakayeyaweka mezani.

Basi tufike kwenye muhogo, maana hapo neno si mchezo tena. Waingereza husema "sweet cassava", nasi twasema muhogo mtamu na muhogo mchungu. Utamu huo, tena, hautaji sukari. Wataja upungufu wa sumu. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, nacho muhogo ukikatwa au ukisagwa hutoa sayanidi, sumu kali. Muhogo mtamu una kidogo, mchungu una nyingi. Wakulima wengi huupenda mchungu kwa sababu wanyama waharibifu huuogopa, nao hawakosei. Ila ni lazima uloweshwe siku tatu hivi mpaka ulainike, kisha ukaushwe juani, ndipo uwe unga wa bukari.

Njaa inapobisha hodi, watu hufupisha siku hizo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza habari za ugonjwa wa Kwango uitwao konzo, jina lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtoto au mama hulala mzima, na kwa ghafula miguu yake hukakamaa, wala hairudi tena kuwa kama zamani. Mwaka 1985, baada ya ukame, ugonjwa huohuo uliwapata watu wa Tarime, Tanzania. Waliopatwa ni hasa wale waliokula muhogo mchungu usioloweshwa vema, siku nenda siku rudi, pasipo kitoweo. Kwa maana mwili huivunja nguvu sayanidi kwa msaada wa salfa inayopatikana katika samaki, nyama na maharagwe. (Ajabu ya lugha: mafuta husifiwa kwa kukosa salfa, na sahani yetu huponywa kwa kuwa nayo.)

Wala ulimi peke yake si shahidi wa kutosha. Wakati wa ukame sumu huzidi, hata katika mashina ambayo kijiji kizima huyaita matamu. Kwa hiyo mama asiyejua unga wa sokoni uliloweshwa muda gani anaweza kutumia njia iliyofundishwa Popokabaka, huko Kwango, tangu mwaka 2010, njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Unga hutiwa maji na kukorogwa, kisha hutandazwa kuwa tabaka nyembamba, isiyozidi sentimita moja, juu ya mkeka: saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu huondoka hewani, na unga hupikwa siku hiyohiyo, kabla haujaharibika.