Mti Hauuawi kwa Shoka Peke Yake

Ndugu wasomaji, mtu wa Unguja akiulizwa kwao ni wapi, mara nyingi hujibu kwa jina la mti. Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembemakumbi, Miembeni, Mkunazini. Wa Mombasa atataja Mwembe Tayari, na wa Dar es Salaam atataja Mikocheni au Mwembechai. Wazee wetu hawakuona taabu kuuita mtaa kwa jina la mti, kwani mti ndio uliotangulia, na nyumba zikaufuata kivulini. Katika baadhi ya mitaa hiyo mti wenyewe hauonekani tena; limebaki jina tu katika vinywa vya watu.

Tumeyakumbuka majina hayo mwezi huu kwa sababu ya mwaloni mmoja uliokuwa hapa hapa Uingereza, nyuma ya ukumbi ambamo watoto wetu husoma Kurani kila Jumamosi. Wengi wenu mliujua. Chini yake ndipo mama zetu walipokuwa wakitandika majamvi siku za Idi, mvua ikiruhusu, na ndipo vijana walipokuwa wakingojea wazazi wao baada ya darsa.

Mwaka 2014 zilianza kujengwa nyumba mpya mahali pale. Tulifurahi, wala hatuoni haya kulisema hilo. Jamaa zetu kadhaa walikuwa wakiishi watu sita katika vyumba viwili, na baadhi yao walipata makao katika mtaa ule mpya. Furaha yetu iliongezeka tulipoona katika ramani ya ujenzi kwamba mwaloni umechorewa duara la kijani, maana yake hautakatwa. Na kwa hakika haukukatwa. Hakuna aliyeugusa kwa shoka wala kwa msumeno.

Lakini lililotendeka chini yake tulilishuhudia kwa macho yetu wenyewe. Kokoto zilirundikwa kando ya shina. Mifuko ya saruji ilipangwa juu ya mizizi, na maji ya kuoshea mashine ya kuchanganyia zege yakamwagwa papo hapo. Kila asubuhi malori yaliegeshwa kivulini, kwa kuwa ndipo mahali palipokuwa wazi. Mwisho ulichimbwa mtaro wa mabomba, ukapita hatua mbili tu kutoka kwenye shina. Kisha nyumba zikakamilika katika masika ya mwaka 2015, majani yakatandazwa, na kila mtu akasema mahali pamependeza.

Kiangazi kile mti ulichanua kama kawaida yake. Mwaka 2016 majani yalitoka madogo na machache. Mwaka 2017 kilele kilibaki matawi makavu. Mwaka 2020 wenye mamlaka waliuangusha, kwa kuwa matawi yake yalikuwa yakianguka na watoto hucheza pale. Mtoto mmoja wa darasa la awali alituuliza ni nani aliyeuua. Hatukumjibu siku ile. Leo tunaweza kumjibu: uliuawa miaka mitano kabla ya kuangushwa, mbele ya macho yetu, nasi tulikaa kimya kwa sababu hatukujua tulichokuwa tukikiona.

Tunaiandika habari hii sasa kwa sababu tangazo jingine limebandikwa kwenye nguzo ya taa. Safari hii ni kiwanja kilicho mkabala na ukumbi, chenye miti saba mikubwa, mitatu ikiwa ni mialoni. Nyumba zinakuja tena, na tunaziombea heri, kwani miongoni mwetu wapo wanaozingojea. Swali letu ni moja: je, tutanyamaza tena?

Ndugu zetu, kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mizizi ya mti ni mfano wa kioo cha matawi, kwamba yaliyo juu yanalingana na yaliyo chini, na kwamba mizizi imezama ardhini kwenye kina kirefu, haidhuriki. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa sana ya mizizi ya mti hukaa katika tabaka la juu la udongo, karibu sentimita 60 tu kutoka usoni mwa ardhi, na huenea kwa upana hata kupita ncha za matawi. Mizizi minyonyaji ni myembamba kama uzi. Inahitaji maji, nayo inahitaji hewa pia, na hewa hiyo hukaa katika vitundu vidogo vilivyomo udongoni.

Lori likipita juu ya udongo huo, hasa udongo ukiwa umelowa, vitundu hivyo hufungwa. Udongo hugeuka mgumu kama sakafu, maji hayashuki na hewa haipiti. Ukirundika udongo mwingine juu yake, mizizi hukosa pumzi. Ukipitisha mtaro karibu na shina, unaweza kukata sehemu kubwa ya mizizi ya upande mzima kwa asubuhi moja. Nao mti haufi siku ile. Unayo akiba ndani ya shina lake, na huila akiba hiyo mwaka wa kwanza na pengine wa pili. Anapokuja mtu kugundua kwamba mti unakufa, mkandarasi amekwisha kulipwa na kuondoka zamani.

Kwa hiyo ulinzi wa mti hauanzi siku katapila linapoingia. Huanzia kwenye karatasi. Katika nchi hii wapimaji wa miti hufuata kipimo kijulikanacho kwa namba BS 5837. Kwa mujibu wa chapa yake ya mwaka 2012, miti ya kiwanja hukaguliwa kabla ya nyumba kuchorwa, na kila mti hupewa daraja. Daraja A ni mti bora unaotarajiwa kuishi miaka 40 au zaidi, B ni miaka 20 au zaidi, na C ni miaka 10 au zaidi, au mti ambao bado ni mchanga. U ni mti ambao hali yake haifai kuubakisha. Kisha huchorwa eneo la ulinzi wa mizizi kuuzunguka kila mti utakaobaki.

Hesabu ya eneo hilo si ngumu, na tungependa watoto wetu waijue. Chukueni futikamba ya mshonaji. Pimeni mzingo wa shina kwa kimo cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Gawanyeni kwa 3.14, mpate kipenyo. Zidisheni kipenyo hicho mara 12. Hapo mmepata umbali, kutoka shinani kwenda kila upande, ambao kazi ya ujenzi haitakiwi kuuingilia. Mti wenye mzingo wa sentimita 188 una kipenyo cha sentimita 60 hivi, na eneo lake la ulinzi ni mita 7.2 kila upande. Linganisheni na zile hatua mbili za mtaro wetu.

Kwenye mpaka wa eneo hilo hutakiwa kusimamishwa uzio imara wa vyuma, kabla ya mashine yoyote kuingia kiwanjani, na uzio huo usiondolewe mpaka kazi kubwa imalizike. Ndani yake haiwekwi kokoto wala saruji, hayamwagwi mafuta, hauwashwi moto, haliegeshwi gari. Ikiwa hapana budi kupita, hutandikwa mbao au mabamba ya kugawanya uzito. Ikiwa hapana budi kupitisha bomba, huchimbwa kwa mkono na kwa uangalifu, au bomba hupenyezwa chini ya mizizi bila ya kufukua mtaro.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu tunapodhani hatuna sauti. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1990, inayotumika England na Wales, inaitaka halmashauri, itoapo ruhusa ya ujenzi, ihakikishe pale inapofaa kwamba yamewekwa masharti ya kuhifadhi au kupanda miti. Sheria hiyo hiyo inaipa halmashauri uwezo wa kutoa amri ya kuhifadhi mti, ijulikanayo maofisini kwa herufi TPO. Mti wenye amri hiyo haukatwi, haupogolewi, wala mizizi yake haikatwi bila ya idhini, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Anayeuangamiza anaweza kutozwa na mahakama ya England faini isiyo na kikomo. Mtu yeyote anaweza kuiandikia halmashauri kuomba mti fulani utolewe amri hiyo, na haulizwi amezaliwa wapi.

Lakini kuna jambo ambalo yafaa mlishike vizuri. Ruhusa kamili ya ujenzi ikishatolewa, amri hiyo haiuzuii tena mti kukatwa pale ambapo kuukata ni lazima ili ruhusa hiyo itekelezwe. Ndiyo maana wakati wa kusema ni sasa, kabla ya ruhusa kutolewa. Kwa kawaida wananchi hupewa siku zisizopungua 21 za kutoa maoni. Siku hizo zikipita tukiwa tumelala, kilio chetu cha baadaye kitakuwa cha msibani.

Tunajua yapo yatakayosemwa. Wapo watakaosema: watu wanahitaji nyumba, nanyi mnawahangaikia miti. Tunawajibu kwa heshima kwamba hatupingi hata nyumba moja. Mchoraji anayejua mapema mti uko wapi na mizizi yake inafika wapi, mara nyingi anaweza kuisogeza njia, au kugeuza maegesho ya magari yakawa upande mwingine. Mtaro unaohamishwa kwenye ramani huhamishwa kwa kalamu. Na wale watakaoishi katika nyumba zile ndio watakaokihitaji kivuli. Wale waliokuwapo nchini siku ya tarehe 19 Julai 2022, joto lilipofikia nyuzi 40.3 huko Coningsby, wanakumbuka hali ilivyokuwa hapa kwetu. Mwaloni ulikuwa umekwisha kuondoka. Mama zetu waliwafungia watoto ndani ya ukumbi, mapazia yameshushwa, na nje palikuwa hapakaliki.

Wapo pia watakaosema kwamba badala ya mti mkubwa tutapandiwa miche miwili. Kupanda ni jambo jema, nasi tutapanda. Lakini mche uliopandwa leo hautoi kivuli cha kumtosha mtoto anayesoma darasa la kwanza leo. Atakapokuwa amekamilika kama mti, mtoto huyo atakuwa na watoto wake.

Na wapo, miongoni mwa wazee wetu hasa, wanaosema kwamba sisi ni wageni, na mgeni hasemi juu ya ua wa mwenyeji. Tunaiheshimu adabu hiyo, kwa kuwa ndiyo tuliyolelewa nayo. Lakini watoto wetu wamezaliwa hapa, wazee wetu wengine wamezikwa hapa, na kodi ya halmashauri tunailipa kila mwezi kama jirani yeyote. Tumefundishwa na dini yetu kwamba Mwislamu apandaye mti, akala katika mti huo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi na ule ambao mwingine aliupanda kabla yetu, tukaukuta umesimama, tusiwe sisi ndio tunaouacha ukafa kwa kutojali.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, Jumamosi ijayo baada ya Alasiri tukutane ukumbini pamoja na watoto, tuipime miti saba kutokea kando ya njia kwa ile inayofikika, na tuziandike hesabu zake. La pili, kila nyumba iandike barua yake kwa maneno yake yenyewe, fupi tu: kwamba tunaziunga mkono nyumba, kwamba tunaomba miti hii ihifadhiwe kwa masharti ya maandishi, kwamba uzio usimame kabla ya kazi kuanza, na kwamba mabomba yasipite katika mizizi. Fahamuni kwamba barua hizo huweza kusomwa na watu wote, kwa hiyo ziwe za adabu na zisimtaje mtu kwa ubaya. Asiyeweza kuandika Kiingereza aje, vijana wetu watamsaidia.

La tatu ndilo lililotushinda mara ya kwanza. Kazi itakapoanza, atakayeona uzio umesogezwa au kokoto zimemwagwa juu ya mizizi asipite tu akitikisa kichwa. Apige picha akiwa barabarani, aandike tarehe, na aiarifu halmashauri siku hiyo hiyo. Sharti lisilo na wa kulitazama halitofautiani na karatasi tupu.

Nyuma ya ukumbi, mahali pa ule mwaloni, pamebaki duara ambalo majani yake huota kwa rangi iliyofifia. Watoto wadogo bado hupaita Mtini, ingawa wengi wao hawakuwahi kuuona mti wenyewe. Walijifunza jina hilo kwa kaka na dada zao, kama sisi tulivyojifunza Mwembeladu na Mkunazini. Hatungependa kuwaachia majina mengine saba ya namna hiyo.