Pengo la Jino na Mfuko wa Mshahara

Mtu akipoteza jino la mbele hupoteza pia uhuru wa kucheka. Mwalimu hulifunika pengo kwa kiganja anapofundisha, na karani wa dirishani husema na wateja ameinamisha uso. Wapo wanaoita hayo majivuno. Mimi nayaita riziki. Hapo ndipo mfanyakazi husikia habari za jino la kupandikiza, huuliza bei, na kurudi nyumbani akipiga hesabu za karo na kodi ya nyumba.

Na tulielewe kwanza jambo lenyewe. Jino la kupandikiza ni skrubu ndogo ya titani inayotiwa ndani ya mfupa wa taya, kisha juu yake hufungwa jino la bandia. Mwaka 1965, mjini Göteborg huko Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alimtilia skrubu hizo mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, naye alidumu nazo hadi alipofariki mwaka 2006. Siri ni kwamba mfupa huikubali titani na kushikamana nayo. Muungano huo huchukua yapata miezi 3 hadi 6, na kungoja huko humfaa sana mwenye kipato kidogo, kama tutakavyoona.

Lakini je, kila pengo sharti lizibwe? Hasha. Mtu mzima ana meno 32, na wataalamu wamekubali tangu zamani kwamba mwenye meno 20 yanayokutana vyema aweza kula bila taabu. Gego la mwisho likitoka, mara nyingi laweza kuachwa. Anayekushauri utoe mishahara ya miezi kadhaa kwa ajili ya gego lisiloonekana, mtake akupe sababu.

Kwa pengo la mbele, jino la kuvaa na kuvua ndilo la gharama ndogo. Sioni aibu yoyote ndani yake, na kwa mzazi mwenye watoto watatu shuleni ningelitaja kwanza. Daraja hushikizwa kwenye meno ya jirani, ila daktari hulazimika kuyachonga, hata kama ni mazima, na kilichochongwa hakirudi. Ubora wa jino la kupandikiza ni huo: haliwagusi majirani. Hata hivyo, mvutaji wa sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wajue kwamba skrubu zao zimo katika hatari kubwa zaidi ya kutoshika, na fedha iliyozikwa katika taya haifukuliwi.

Sasa hesabu. Bei unayotajiwa huenda ikawa ya skrubu peke yake. Picha ya eksirei, jino la muda, jino la juu, na pengine nyongeza ya mfupa, hudaiwa kando. Dai jumla yote kwa maandishi kabla hujakaa kitini. Kisha omba malipo yagawanywe kama kazi yenyewe ilivyogawanyika: skrubu sasa, jino la juu baada ya miezi ile ya kungoja. Mwenye kucheza upatu na amwombe kijumbe zamu iangukie mwezi huo. Chama cha kuweka na kukopa cha kazini ni bora mara mia kuliko mkopeshaji wa mtaani anayeshikilia kadi yako ya benki.

Usikawie mno lakini. Mfupa usio na jino hupungua, hasa katika mwaka wa kwanza, na ukipungua sana nyongeza huwa lazima. Kliniki za kufundishia madaktari wa meno aghalabu hutoza nafuu, kwa hiyo uliza katika chuo kama Muhimbili. Fundi wa kichochoroni anayegandisha jino la plastiki juu ya ufizi muepuke kabisa, kwani uchafu hukaa chini yake na meno ya jirani yakaoza. Mwenye shaka na aulize kama daktari wake ameandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kazi ikiisha, omba kadi yenye jina la kiwanda na kipimo cha skrubu, uihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Jino la juu likivunjika baada ya miaka 10, daktari yeyote atajua ni kifaa gani kinachoingia.