Tusiwacheke wanaosema "The boys runs"

Wanachuo wenzangu tunaosomea ualimu, leo tuambiane ukweli. Mwaka jana nilikuwa fildi kwenye shule moja ya kata huko Mgeta, nikapewa Kidato cha Kwanza. Nikaandika ubaoni "The boy runs", nikauliza wingi wake. Binti wa dawati la mbele akajibu bila woga: "The boys runs." Darasa likacheka. Na mimi, aibu yangu hii, nikacheka nao. Hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka.

Usiku, nasahihisha madaftari, nikakuta wengi wameandika vilevile. Ndipo nikashtuka. Kwa Kiswahili wingi haukai kwenye nomino peke yake: kitabu kimepotea, vitabu vimepotea. Kiluguru wanachoongea nyumbani nacho kina mtindo huohuo. Tumemwambia mtoto "s" ni alama ya wingi, naye kaipeleka mpaka kwenye kitenzi, kama lugha zake zinavyomtaka. Hakuna aliyemwambia kwamba "s" ya kitenzi ni ya umoja, tena ni "s" nyingine kabisa.

Yapo na mengine. Kwetu suruali moja "imechanika", kwa Waingereza "trousers are torn". Kwetu habari "ni nzuri" na tunazihesabu "hizi", kwao "this news is good". Sasa mtoto atayajuaje haya kwa kuchekwa?

Tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto akivuka tu kwenda sekondari, tunamtaka akisahau getini. Wapo watakaosema ukiruhusu Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, watoto hawatajua Kiingereza. Jamani, hicho Kiswahili tayari kimo kichwani mwao, na ndicho kinachopanga hizo sentensi. Bora tukiweke ubaoni tukione.

Wiki ya mwisho nilijaribu: sentensi ya Kiswahili kushoto, ya Kiingereza kulia, tukatafuta pamoja wingi umekaa wapi. Wakaanza kusahihishana wenyewe. Yule binti aliandika zote sawa, ila kusema hakusema.

Basi wewe unayejiandaa kwenda fildi, kabla hujachukua kalamu nyekundu, muulize kwanza mwanafunzi: "Umefikiriaje hapa?" Mimi sikuuliza.