Daktari aliyekufa ugenini

Msomaji uliyerudi kutoka ukimbizini, huhitaji kufafanuliwa uchungu wa George Habash. Jeshi la Israeli liliwafukuza watu wa mji wake wa Lydda Julai 1948, akiwa bado anasomea udaktari Beirut. Alifariki Amman Januari 2008 bila kurudi kwao. Dai lake lilikuwa la haki, hilo sibishani na mtu.

Ninachogombana nacho ni njia. PFLP, chama alichokianzisha 1967, kiliteka ndege, na Septemba 1970 tatu zikalipuliwa jangwani Jordan. Mfalme Hussein akawageukia wapiganaji wa Kipalestina kwa vifaru. Maelfu ya watu wakafa, wengi wao wakimbizi wa makambini.

Hata huku kwetu moto ulifika. Mwaka 1976 kundi la Wadie Haddad, daktari mwenzake aliyekwisha kutengana na chama, lilipeleka ndege ya Ufaransa Entebbe. Makomando wa Israeli waliokoa mateka, wakajaza mafuta Nairobi. Amin akalipiza kwa Wakenya waliokuwa Uganda: mamia wakauawa, wengine wakakimbia na nguo walizovaa, na mafuta ya Uganda yakakwama upande wa Kenya. Wafanyabiashara wa mpakani wa umri wangu wanaikumbuka Julai ile.